Samoni wa mto Tana (ule wa Norwe), nibebe mshipi wangu ama?

kolekole_mmoja
Salaam wadau. Shemeji yangu yuko Norwe kule juu kabisa kaskazini, ati mwezi wa saba niende anipeleke mto Tana kuvua samoni. Nikacheka, nikamwambia Tana twaijua ina mamba, kumbe na wao wana yao, mpakani na Ufini. Sasa mie nimezoea mshipi wa mkono, nakaa zangu Mama Ngina kwa mawe maji yakijaa, chambo ngisi, chubwi moja basi, nikipata kolekole alhamdulillahi nisipopata narudi na upepo. Huyo samoni ala nini? Ngisi wakavu wapita airport?

bamvua01
Kwa ile harufu watakufungia wewe si ngisi 😂

nahodha_baridi
Bro nlikaa Tromsø, mji wa huko huko kaskazini mwa Norwe, miaka miwili, chambo sahau. Samoni akishaingia mtoni kutoka baharini hali tena, amekuja kutaga na atakaa miezi hajatia kitu tumboni. Akiuma ni hasira ama tabia ya utotoni, maana alizaliwa mto huo huo akakaa miaka kadhaa kabla ya kwenda baharini na sasa amerudi kwa kufuata harufu ya maji ya kwao. Ndio watu hutumia nzi wa bandia, manyoya yamefungwa kwa ndoana, warusha ng'ambo waacha mkondo uyavute yampitie mbele ya mdomo, kisha warusha tena, na tena. Nlisimama maji ya kiunoni saa nne usiku mpaka saa nane, jua liko pale pale halizami, vidole vya miguu sivisikii, na sikuumwa hata mara moja. Mzee wa pembeni akaniambia hiyo ndiyo kawaida, akaendelea kunywa kahawa yake.

Halafu muulize shemeji vizuri. Tana ndiko alikonaswa samoni wa rekodi, kilo 36 hivi kwa rodi, mwaka 1928, kwa hivyo kila mtu autaja. Lakini samoni walipungua mpaka 2021 wakafunga kumvua mto mzima, na Juni 2024 Norwe ikafunga mito 33 katikati ya msimu, watu washalipa washafika. Usikate tiketi kabla hujaona kibali. Na utalipa mara mbili, ada ya serikali na kibali cha mto wenyewe, na vifaa vyako vitiwe dawa kwanza, kuna kijidudu chaitwa Gyrodactylus kilimaliza vitoto vya samoni mito mingi huko, hawataki mchezo nacho.

binti_wa_tudor
Kaka uliza pia trauti wa baharini, wengi huwachanganya na samoni. Mshike mkiani: samoni ana kama kiuno pale, ashikika, trauti akuteleza. Yeye haendi mbali, azunguka pwani pwani, samoni wengine ndio hufika mpaka Greenland. Na huyo trauti ni spishi moja na wale walioletwa Kenya 1905 wakatiwa mto Gura kule Aberdare, ni vile tu hawa hawaendi baharini. Nlienda na mume wangu tukanasa miti kuliko samaki 😅 Kurusha nzi si kama kurusha chubwi, nzi hana uzito, unaorusha ni uzi wenyewe. Jaribu huko kwanza.

kolekole_mmoja
Duh. Yaani nilipe nauli yote hiyo nikamvue samaki asiye na njaa. Nimempigia shemeji sasa hivi, kimyaaa, kisha ati "Tana nlikuwa nasema tu, tutatafuta karibu karibu."

bamvua01
Karibu karibu ni supamaketi hiyo

nahodha_baridi
😂😂 Usife moyo. Baharini kule ukikaa gatini na mshipi wako hulipi kitu, hata ukiwa mgeni. Yuko samaki kwa Kiingereza aitwa cod, sisi tungesema kodi, na ndiye hana kodi. Mshipi wa mkono utafanya kazi, beba chubwi nzito na sweta mbili hata kama ni mwezi wa saba.

kolekole_mmoja
Hapo sasa tumeelewana. Na huyo kodi ngisi ala?

nahodha_baridi
Ala sana. Lakini nunua huko huko tafadhali.