Natua JNIA (uwanja wa ndege wa Dar), naenda Dodoma kwa SGR (treni ya umeme), kisha Unguja: nipandie Pugu au mjini?

Msafiri_Nairobi
Wakuu, habari zenu. Natua Dar saa 4 asubuhi kutoka Nairobi, nina kikao Dodoma kesho yake, halafu narudi Dar nivuke kwenda Unguja. Kwenye ramani naona stesheni ya Pugu iko karibu na uwanja wa ndege. Inafaa? Na nikirudi, kutoka kwenye treni hadi kwenye boti ni mbali?

Mdau_wa_Kipawa
Karibu sana. Pugu inafaa kwa masharti mawili. Kwanza, hakikisha treni yako inasimama pale. Zile za haraka huvipita vituo vidogo, kwa hiyo wakati wa kukata tiketi chagua Pugu kama kituo cha kupandia. Pili, angalia saa. Asubuhi foleni ya Barabara ya Nyerere inaelekea mjini, wewe unaenda kinyume nayo kupitia Gongo la Mboto. Jioni mambo hugeuka: watu wanarudi makwao, Gongo la Mboto haipitiki, na hapo Stesheni ya mjini ndiyo bora ingawa ni kama kilomita 12 kutoka uwanjani.

Usikate treni ya saa 6 mchana kwa kuwa ndege inatua saa 4. Kuna foleni ya uhamiaji, mizigo, kisha ukaguzi wa stesheni, na geti hufungwa kabla ya treni kuondoka. Acha angalau muda wa saa nne katikati. Jina la kwenye tiketi lifanane na la kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Saa za kwenye tiketi ni za kimataifa: 14:00 ni saa 8 mchana.

Pwani_Kavu
Naongeza: njoo na cheti cha homa ya manjano. Anayetoka Kenya huulizwa, na chanjo huhesabika baada ya siku 10 tangu uchomwe. Ukichomwa jana yake, cheti hicho hakikusaidii.

Dodoma stesheni iko Mkonze, nje ya mji, kwa hiyo tenga muda wa teksi au bajaji. Treni yenyewe inatumia chini kidogo ya saa 4.

Nahodha_Mstaafu
Kurudi, usishuke Pugu hata kidogo. Nyoosha hadi Stesheni ya mjini. Boti ziko Barabara ya Sokoine, mkabala na kanisa la Mtakatifu Yosefu, bajaji inakufikisha mara moja. Ila usimwambie dereva "Feri". Atakupeleka kwenye soko la samaki na kivuko cha Kigamboni. Sema "boti za Zanzibar".

Boti za kasi ni za mchana, na ya mwisho huondoka alasiri. Basi toka Dodoma na treni ya asubuhi, la sivyo utalala Dar. Tiketi nunua dirishani au mtandaoni. Wale wanaokufuata nje wakikushika mkono wakuuzie tiketi, wapuuze. Shika pasipoti mkononi, Unguja wanaikagua.

Kusi (upepo wa kutoka kusini) ikivuma, kati ya Juni na Agosti, bahari huchafuka, na kurudi Dar ndiko kubaya zaidi maana boti inakwenda kinyume na mawimbi. Meza dawa ya kichefuchefu nusu saa kabla ya kupanda, ukae nyuma, sitaha ya chini. Mbele ndiko kunakorushwa.