Wenye baa Moshi mjini, acheni kutuuzia mbege iliyochakachuliwa halafu mseme watu wameikataa

Wakuu,

Nina hasira na sitaificha. Kila mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi ya Kilimanjaro, ikitajwa mezani hapa Moshi, lazima atokee mmoja wa kukunja pua: "Niliwahi kuinywa, ikaniharibu tumbo, sitaki hata kuisikia." Muulize aliinywa wapi. Baa ya mjini, ilimiminwa kutoka kwenye dumu la plastiki lililoshinda juani. Sasa hiyo ndiyo ya kukifungia mlango kinywaji cha mlima mzima?

Wikiendi iliyopita nimekaa baa moja maarufu hapa mjini, jina naliacha. Ubaoni wameandika "mbege asilia". Ikaja kwenye glasi ya bia, imetoka kwenye friji, tamu kama soda, inanuka hamira, na chini hakuna hata chembe ya ulezi. Nikamuuliza mhudumu imechanganywa lini. "Sijui kaka, huwa inaletwa." Nikaomba meneja aje. Akanijibu bila aibu, "Ndugu yangu, ile nzito wateja wa mjini hawaiwezi, tunaipunguza." Mnaipunguza kwa maji na sukari, halafu mnatoza bei ya bia ya chupa!

Kwa ambao hamjawahi kuona inavyopikwa: ndizi zilizoiva kabisa zinachemshwa kwa saa nyingi hadi ziwe nyekundu, zinaachwa siku kadhaa zichachuke, ndipo zinachujwa. Pembeni, ulezi umeloweshwa ukaota, ukaanikwa, ukasagwa, na kimea hicho kinapikwa uji. Msesewa, yaani yale magome ya mti, ndiyo yanaleta uchungu. Uji ukishakutana na maji ya ndizi, saa zinaanza kuhesabika. Kesho yake ni nzuri, ikizidi hapo inakuwa kali, kisha inakuwa chachu isiyonyweka. Haikutengenezwa ikae wiki kwenye stoo ya baa. Mama anayepika huko mlimani, Kibosho au Uru, anajua siku aliyochanganya, na wateja wake wanajua, ndiyo maana wanafika siku hiyo hiyo. Nyie mnanunua iliyobaki, mnaichangamsha kwa sukari, mnaiita asilia. Ulezi ni ghali, naelewa. Basi pandisheni bei ya kata, kile kibuyu cha kunywea, mtu alipie ulezi wake. Msimuuzie uji wa mahindi.

Kuna hili pia linaniumiza zaidi. Watu wanaichanganya mbege na gongo na viroba, zile pombe kali za vifuko, kwenye sentensi moja. Viroba serikali ilivipiga marufuku Machi 2017, na vilistahili. Gongo ni pombe ya kukenekwa, yaani inachemshwa na mvuke wake unakusanywa, sumu mtupu ikipikwa vibaya. Mbege haikenekwi hata kidogo, inachachuka tu, na ina ulezi ndani yake hadi wazee wanaiita chakula. Mtu anayekunywa bia ya Safari ya asilimia 5.5 kreti nzima anaona haya kuonekana na kata ya mbege! Halafu huyo huyo Desemba anapanda basi kuja nyumbani, anapiga picha ameshika kata kwa babu, akishaipakia anaiweka chini na kuagiza kreti. Posa ikifika anaitafuta. Ugomvi wa ukoo ukifika, sale, lile jani la kuombea msamaha, limepelekwa, anaitafuta tena. Siku za kawaida haitaki.

Arusha nako sio afadhali, na huko naongelea bia za krafti, zile za viwanda vidogo. Kuna sehemu moja ya kisasa niliagiza bia ya aina hiyo, ikaletwa ya moto kutoka kwenye rafu inayopigwa na jua la dirishani. Bia nyingi za namna hii hazichujwi wala kupashwa moto kama za kiwandani, kwa hiyo joto linaziua haraka. Wahudumu hawajafundishwa chochote. Nikaambiwa, "Hizo hazitoki, chukua Kili tu." Zitatokaje mkizipika juani? Mtu anaonja moja mbovu, anatangaza kwamba bia za krafti ni za wazungu na hazina ladha, na kijana aliyekopa kununua mitungi yake anafunga.

Na tusidanganyane kwamba mkoa huu hauna msingi wa bia. Shayiri inalimwa West Kilimanjaro, kimea kimewahi kutengenezwa hapa Moshi. Tuliwahi kuwa na Kibo Breweries hapa hapa, ikafungwa mwaka 2002 kampuni kubwa zilipogawana soko la Kenya na Tanzania. Leo kampuni ya bia ya Serengeti wana kiwanda Moshi na TBL (Tanzania Breweries) wako Arusha, wanafanya kazi yao vizuri. Arusha hiyo hiyo kuna pombe ya ndizi iliyo kwenye chupa, Raha, imesimama miaka mingi. Kwa hiyo mteja wa kinywaji cha ndizi yupo, na pesa anatoa. Anachokosa ni mtu wa kumheshimu.

Nyie mlioisusa, naomba mrudi, ila msianzie mjini. Pandeni Marangu au Materuni, ambako hata watalii wanaonjeshwa, au ingieni ndani zaidi Kibosho kwenye kilabu chenye mama anayepika mwenyewe. Mwambie, "Shikamoo mama, umechanganya lini?" Akijibu jana, kaa. Akianza kuzunguka, nyanyuka. Tazama ulezi juu na chini ya kata, nusa, na usikie uchungu wa msesewa mwishoni mwa ulimi. Ikiwa tamu mwanzo hadi mwisho, umeuziwa sukari.

Na wenye baa mnaosoma hapa: andikeni ubaoni siku iliyochanganywa na mahali ilikopikwa. Ikibaki, mwageni. Kama hamuwezi, futeni neno mbege kwenye ubao wenu, uzeni bia. Wanaojua kilabu kinachopika kwa ulezi halisi Uru, Machame au Rombo, wekeni hapa chini jina la kijiji na siku za kupika. Na kama kuna mwenye baa ana la kujitetea, ajibu hapa hapa, asinifuate inbox.