MREJESHO: Tezi za shingo zilizotibiwa kama TB

Wakuu, niliwauliza kuhusu mdogo wangu: tezi za shingo zimevimba, homa za jioni, jasho la usiku, anakonda, na dawa za TB hazimsaidii. Ilikuwa saratani ya tezi aina ya Hodgkin. Amemaliza matibabu na vipimo ni safi. Mungu awabariki sana.

Kilichotuokoa ni ushauri wa kuomba tezi nzima itolewe ikapimwe badala ya kurudia kuvuta seli kwa sindano nyembamba. Katika Hodgkin, seli za saratani ni chache mno katikati ya seli za kawaida, hivyo sindano huzikosa kirahisi. Tezi ikae kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhia) ya asilimia 10, ujazo kama mara kumi ya tezi yenyewe, na maabara iombwe kupima CD30 na CD15, alama zinazosaidia kutambua seli za Hodgkin.

Alipewa dripu za ABVD (mchanganyiko wa dawa nne za saratani, zikiwemo doksorubisini, bleomisini na vinblastini) kila baada ya wiki 2. Mkojo mwekundu siku ya dripu ni rangi ya doksorubisini, si damu, msiogope. Kikohozi kikavu kilipoanza, daktari aliondoa bleomisini kwa sababu hudhuru mapafu. Ganzi ya vidole, inayotokana na vinblastini, bado ipo.

Mama alishika maombi, shangazi kipimajoto. Joto likifika 38, hospitali usiku huohuo, bila kutanguliza panadol, maana huficha homa ya maambukizi. Mitishamba hatukutumia; mchungaji mwenyewe alihimiza asikose dripu hata moja.

Kwa sasa anaendelea na kliniki.