Basalti za Sekerr: nipime elementi zipi kujua kama zilikuwa sakafu ya bahari?

Mpasua_Mwamba:
Habari za humu wakuu. Nasoma uzamili, utafiti wangu ni basalti (miamba ya lava nyeusi) za kale za Sekerr, Pokot Magharibi. Ziko pamoja na gabro (magma iliyoganda chini ya ardhi) na serpentini (mwamba wa kina uliobadilishwa na maji), na zinahesabiwa mabaki ya Bahari ya Msumbiji, bahari ya kale iliyofungika bara kuu la Gondwana lilipoungana. Nimechora sodiamu na potasiamu dhidi ya silika, nukta zimetawanyika ovyo. Bajeti ya maabara ni ndogo. Nipime nini?

Kokoto:
Mkuu, mchoro huo uache. Maji ya moto yakipita kwenye mwamba huhamisha sodiamu, potasiamu, rubidi na bariamu, kwa hiyo hapo unasoma habari za maji, si za magma. Tegemea zisizohama kirahisi. Pearce na Cann walitumia titani, zirkoniamu na itriamu mwaka 1973, na njia yao bado inafundishwa. Ila kwa bajeti yako, usikose thoriamu na niobiamu, kila moja uigawe kwa itebiamu, kisha uchore ya thoriamu dhidi ya ile ya niobiamu. Basalti za mgongo wa bahari, yaani safu ya chini ya maji ambako sakafu mpya huzaliwa, hupanga mstari mmoja. Bamba la gamba la dunia likizama chini ya jingine, thoriamu hupanda na majimaji na mashapo yake, niobiamu inabaki nyuma, na nukta zako zitapanda juu ya mstari.

Elementi hizi ni sugu kweli. Kilima cha Yalumba, upande wa Isimani kule Iringa, kuna eklojaiti, yaani basalti zilizogeuzwa na mgandamizo, za miaka bilioni 2 hivi. Zilibanwa kina kirefu mpaka madini yote yakabadilika, na bado kemia yake inafanana na basalti za mgongo wa bahari.

Binti_Maskati:
Kaka, kabla ya maabara, umeandika kila sampuli imetoka tabaka gani? Huku Oman, ofioliti ya Samail (kipande cha sakafu ya bahari kilichosukumwa nchi kavu) ina miaka milioni 96 hadi 95. Lava zake za chini zinakaribia za mgongo wa bahari, za juu zina dalili za bamba linalozama. Aliyeokota za chini peke yake ataandika bahari nyingine kabisa.

Fundi_Kinu:
Usikubali wakusagie kwenye kinu cha tangsteni kabaidi, kinachafua tantalamu. Ondoa ganda lililooza na mishipa ya kalsiti kwanza.

Halafu, niobiamu ikiwa pungufu usikimbilie kusema bamba lilizama. Magma iliyopenya gamba la bara huonyesha hivyo hivyo. Tafuta lava zenye umbo la mito ya kulalia, maana hizo zilimwagika majini, na umri upate kwenye zirkoni, chembe za madini zinazotunza umri, za gabro. Upana wa bahari usiuandike kabisa, kemia haitoi kilomita.

Mpasua_Mwamba:
Asanteni sana, mmeniokolea pesa. Tabaka za sampuli nimeandika, dada. Lava za umbo hilo zipo, ila zimepinduliwa sana na mikunjo ya miamba. Nitajuaje upande upi ulikuwa juu?

Kokoto:
Angalia mikia. Kila mto una mgongo wa mviringo, na mkia uliochongoka unaingia katikati ya miwili iliyotangulia. Mkia unaelekea chini. Piga picha nyingi uzilete hapa.