Mrejesho: baridi ya mgongoni kwenye bembea ya kulalia

Wadau, niliuliza jinsi ya kuzuia baridi ya chini ninapolala kwenye bembea kambini Lushoto, Julai hii. Mkeka wa povu umemaliza kazi. Mfuko wa kulalia ukilaliwa unabanwa, hewa inayotunza joto inatoka, na upepo wa chini unakupata moja kwa moja. Povu halibanwi hivyo. Uliyesema niuingize ndani ya mfuko, ubarikiwe sana, maana juu ya kitambaa ulikuwa unateleza kila nikijigeuza. Mwenye bembea ya tabaka mbili auchomeke katikati, ni bora zaidi.

Kilichosumbua ni mabega. Upana wa mkeka, sentimita 50, hautoshi, bembea inakunja kingo na bega linagusa kitambaa kitupu. Nimekata kipande kingine nikakilaza kwa kukingama mabegani. Jana nimelala mpaka alfajiri.