Jiwe kutoka juu ya ukuta: 34,6 m au 52 m?

Finalisti_Kadutu (Bukavu)

Jambo wakubwa. Kuna zoezi limegawanya kikundi chetu cha kujiandaa Exetat (mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari hapa Kongo). Jiwe linarushwa kutoka juu ya ukuta wa mita 15, kasi ya kuanzia 20 m/s, pembe 30° juu ya mlalo, g = 10 m/s². Linaanguka umbali gani kutoka chini ya ukuta? Kwa kanuni x = v₀² sin 2α / g (v₀ ni kasi ya kuanzia, α ni pembe) tunapata 34,6 m, lakini jibu lililotolewa ni 52 m. Kanuni hiyo iko katika daftari ya kila mtu. Kwa nini inakataa hapa? Na kuna njia gani ya kufuata kila mara bila kukariri kanuni kumi?

Mwalimu_Himbi (Goma)

Mdogo wangu, hesabu yenu ni sahihi, ila inajibu swali lingine. Mita 34,6 ni mahali jiwe linaporudi kwenye usawa wa juu ya ukuta, na hapo bado lina mita 15 za kushuka. Kanuni ya sin 2α imetengenezwa kwa kitu kinachotua kwenye usawa uleule kilikotokea. Katika mji wa vilima kama wenu, hali hiyo ni ya kutafuta kwa tochi!

Chora kwanza. Weka chanzo cha mihimili chini ya ukuta, x kuelekea linakokwenda jiwe, y kuelekea juu. Ukishaamua kwamba juu ni chanya, g inabaki na alama ya kutoa hadi mwisho wa zoezi, jiwe likipanda au likishuka. Wengi huigeuza jiwe linapofika kileleni, halafu wanashangaa delta (b² − 4ac ya mlinganyo) inatoka hasi.

Sasa gawa kasi:

v₀x = 20 cos 30° = 17,32 m/s
v₀y = 20 sin 30° = 10 m/s

Upande wa mlalo hakuna nguvu (hewa tunaiacha), kwa hiyo 17,32 haibadiliki njia nzima. Upande wa wima kuna uzito peke yake (t ni muda, 5 ni nusu ya g):

x = 17,32 t
y = 15 + 10t − 5t²

Kugusa ardhi ni y = 0. Gawa kila kitu kwa −5: t² − 2t − 3 = 0. Delta ni 4 + 12 = 16, basi t = 3 s au t = −1 s. Chukua 3, uipeleke kwenye x: 17,32 × 3 = 51,96 m.

Kitu cha kushika ni t, maana milinganyo yote miwili inatumia muda uleule. Ukiulizwa umbali wa mlalo, anza na wima, pata t, rudi nayo kwenye x. Swali likigeuka, nawe geuka: kama kuna mti mita 17,32 mbele ya ukuta na unaulizwa jiwe linapita kwa urefu gani, x inakupa t = 1 s, na y inakuwa 20 m. Njia ni hiyohiyo.

Uhakiki hauchukui hata dakika. Kileleni v_y = 10 − 10t = 0, yaani sekunde 1, urefu 20 m. Kushuka mita 20 kutoka hapo: 5t² = 20, sekunde 2. Jumla 3.

Yaya_Fizikia (Lubumbashi)

Mwalimu amemaliza njia, mimi naongeza mitego. Exetat ni ya kuchagua jibu, na anayetunga swali anajua vizuri wapi watu huteleza. Katika zoezi hili ningetarajia kuona, mbali na 34,6:

60 m: 20 × 3, kasi nzima imewekwa kwenye mlalo.
30 m: sinusi imechukua nafasi ya kosinusi.
80,5 m: 20 nzima imewekwa kwenye wima, t ikawa 4,65 s.

Kupata namba iliyo kwenye orodha hakuthibitishi chochote.

Halafu kalkulatrisi. Ikiwa kwenye radiani, sin 30 inatoka −0,988 na utashtuka mara moja. Hatari ni ikiwa kwenye gradi (pembe mraba ni gradi 100, si 90), ile G ndogo juu ya skrini: sin 30 inatoka 0,454, kosinusi 0,891, na jibu la mwisho karibu 51 m. Linafanana na ukweli kabisa! Kabla ya zoezi la kwanza andika sin 30. Isipotoka 0,5, rekebisha.

Kuhusu g, fuata swali. Kwa 9,8 jibu hapa linakuwa 52,8 m badala ya 52,0, na hiyo yatosha kukupeleka kwenye jibu la jirani.

Finalisti_Kadutu (Bukavu)

Aksanti sana wakubwa. Mawili yamebaki: kasi ya kugonga ardhi ni sifuri au hapana? Na pembe ya 45° ingefikisha jiwe mbali zaidi?

Mwalimu_Himbi (Goma)

Hapana. Jiwe linasimama baada ya kugonga. Milinganyo yetu inaishia linapogusa. Wakati huo v_y = 10 − 30 = −20, v_x bado 17,32, kwa hiyo v = √(300 + 400) = 26,5 m/s. Nishati inatoa kilekile: v² = 400 + 2 × 10 × 15 = 700. Hata kileleni kasi si sifuri, ni 17,32.

Kuhusu 45°, kokotoa mwenyewe uone: t = 3,65 s, x = 51,6 m. Pungufu kuliko 30°! Kwa kuwa kuna mita 15 za ziada za kushuka, pembe bora inateremka chini ya 45°: tan α = v₀ / √(v₀² + 2gh), h ikiwa urefu wa ukuta, yaani 20 / 26,46, karibu 37°, na umbali 52,9 m. Ile 45° ni ya uwanja tambarare tu.

Yaya_Fizikia (Lubumbashi)

Mukitaka kupima kwa mikono: meza ya sentimita 80, gololi, ubao bapa wenye mteremko unaoishia taratibu mezani, na unga kidogo sakafuni kuonyesha gololi inapotua. Gololi ikitoka mezani kwa mlalo, t = 0,4 s kwa g = 10. Pima x, gawa kwa 0,4, mumepata v₀.

Ila ukiachia gololi kutoka sentimita 10 juu ya meza, usitumie v² = 2gh (hapa h ni hizo sentimita 10). Hiyo inatoa 1,41 m/s na 57 cm. Gololi inaviringika, sehemu ya nishati inakwenda kwenye kuzunguka, kwa hiyo v² = 10gh/7: 1,20 m/s, takriban 48 cm. Ikitua pungufu kidogo ya hapo, ni msuguano, au ubao unapiga meza kwa kona badala ya kulala nayo.