Mrejesho: ile hatifungani ya vita ya 1943

Wakuu, mtakumbuka niliuliza kama nitalipwa kwa hatifungani (hati ya kuikopesha serikali) ya Marekani ya 1943, ya toleo la Series E la dola 25, niliyoinunua kwenye mnada wa vyombo vya marehemu huku Ohio. Muuzaji aliniapia kuwa benki yoyote itanilipa. Mmoja wenu akaniambia nisome kwanza jina lililopigwa taipu mbele. Alisema kweli, na pesa yangu imeshakwenda.

Hati hizi mwananchi alizinunua kwa dola 18.75, akangoja miaka 10 alipwe 25. Asiyeidai aliendelea kupata riba hadi miaka 40, kwa hiyo hii yangu ilikoma kuzaa 1983. Hazina bado inalipa, ila inamlipa aliyeandikwa jina au warithi wake. Mimi wa mnadani simo. Nimeshaiandikia familia waje wachukue karatasi yao.

Sasa nimehamia Liberty Bond, hatifungani za Marekani za Vita vya Kwanza vya Dunia, zile zisizo na jina, aliyeishika ndiye mwenyewe. Nimepata moja ya mkopo wa nne, 1918, riba asilimia 4¼, na kuponi chache (vipande vya kukata ili kudai riba) bado zimening'inia. Imeandikwa kwamba italipwa kwa dhahabu! Ilipofika miaka ya 1930 serikali ikalipa noti, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani 1935, na mdai akatoka mikono mitupu.

Hii siipeleki benki. Naitafutia fremu, kuponi zake zikiwa pale pale.